Malalamiko kuhusu G418 isiyoua hamira

Malindi, Kaunti ya Kilifi

Kwa Meneja wa Mauzo,

MINT: CHUPA YA G418 ISIYO NA KIPIMO CHA NGUVU

Mlituuzia gramu moja ya unga wa G418, dawa ya kuua hamira zisizo na jeni ya kuihimili. Haifanyi kazi, na majibu yenu mpaka sasa yametuudhi kuliko chupa yenyewe.

Sisi tunashughulika na hamira zilizotolewa kwenye tembo la mnazi. Tunaingiza DNA ndani ya hamira pamoja na jeni ya kanMX. Iliyoipokea inahimili G418; isiyoipokea hufa, kwani dawa huvuruga ribosomu, mitambo ya seli ya kuunda protini, na seli ikashindwa kutengeneza protini zake. Sasa kwa dawa yenu, sahani ya ulinganisho, yenye hamira ambazo hatukuzitia jeni yoyote, imejaa makoloni (vishada vya hamira zilizoota) ukingo hadi ukingo.

Mlisema huenda hamira zetu ni sugu kwa asili. Si kweli. Siku hiyo hiyo, kwa agari ya YPD (chakula cha kuoteshea hamira) ya chupa moja, tulimimina sahani nyingine kwa mabaki ya dawa yetu ya zamani, mikrogramu 200 kwa mililita. Hamira zile zile hazikuota hata koloni moja. Mkauliza kama agari yetu ina amonia salfeti, ambayo kweli huidhoofisha G418. YPD haina. Mwishowe mkalisingizia joto la Malindi! Kaskazi ni kali, hatubishi, lakini lebo yenu inaruhusu unga ukae kwenye joto la kawaida la chumba, na chumba chetu kina kiyoyozi.

Kiini ni hiki: unga wa G418 si dawa tupu, na nguvu yake hutofautiana bechi kwa bechi. Ikiwa nguvu ni mikrogramu 700 za dawa kwa kila miligramu ya unga, lita moja ya agari yahitaji miligramu 286 za unga ili tupate miligramu 200 za dawa halisi. Tarakimu hiyo haipo kwenye lebo yenu, na cheti mlichotuma ni cha bechi nyingine. Tulikadiria 700. Hata tulipoongeza unga maradufu, sahani zilijaa vilevile.

Afisa wenu naye akatushauri kwa simu tutumie kanamaisini, ati jeni si inaitwa kan? Kanamaisini huua bakteria. Hamira hustawi juu yake bila wasiwasi. Afadhali angenyamaza.

Tunataka cheti cha bechi iliyoandikwa kwenye chupa hii, chupa mbadala yenye nguvu iliyopimwa, na gharama ya usafirishaji iwe juu yenu. Chupa mbovu tutairudisha pamoja na picha za sahani, ila tutabakiza kiasi kidogo cha kupimwa kwingine. Na kama bechi hiyo mmewauzia wengine, waarifuni upesi: wanaokuza seli za mamalia husubiri wiki nzima au zaidi ndipo wagundue kuwa dawa haiui.

Wenu mwaminifu,
Mtaalamu wa maabara, Malindi