Barua kwa shoga yangu wa Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kutoka Temeke. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena na tena. Poleni sana, wewe na shemeji. Mashine ya figo mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, na nyumbani watoto watatu. Nakuelewa, maana kaka yangu alipoanza kusafishwa figo nilikaa na wanawe.

Umesema wadogo wanaambiwa baba yuko kazini. Hilo silipendi, shoga. Mtoto ana macho. Anaona miguu imevimba, anaona baba anapimiwa maji ya kunywa, halafu yaliyobaki anajitungia mwenyewe, na anayojitungia yanatisha kuliko ukweli. Mtoto mdogo wa kaka, wa miaka sita, aliamini kelele zake ndizo zilizomuuguza baba. Hakumwambia mtu. Tulishtukia tu ameanza tena kukojoa kitandani.

Waambie kwa maneno machache: figo za baba haziwezi kuchuja damu, mashine inazifanyia kazi hiyo, si kosa la mtu, na ugonjwa wenyewe hauambukizi. Wakiuliza kama atakufa (watauliza, tena mbele ya wageni!), usiwaapie kwamba hafi. Sema anaumwa sana, anatibiwa, na likitokea jambo utawaambia wewe mwenyewe. Kisha waambie nani atawapokea wakitoka shule. Wadogo hilo ndilo linalowanyima usingizi.

Shemeji akishatengenezewa ule mshipa wa mkononi wa kuunganishia mashine, waruhusu waushike taratibu wasikie damu inavyotetema. Wa kaka waliuita redio ya baba. Wakishaujua, hutahangaika kuwaeleza kwa nini mkono ule haubebi ndoo, haupimwi presha, wala hakuna wa kuulalia.

Sasa wageni. Kwetu haendi mtu kwa mgonjwa mikono mitupu, na ukiwa Tanga mikono hiyo imebeba madafu, ndizi na machungwa. Kwa mtu wa figo ni hatari: potasiamu, madini yaliyojaa humo, ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Mpe mwanao Swalehe kazi ya kuyapokea mlangoni, ashukuru kwa adabu, kisha wayanywe yeye na wenzake uani. Kazi hiyo hataikataa.

Mwanamkasi ndiye ananitia wasiwasi. Binti mkubwa nyumba ikipata mgonjwa hugeuzwa mama kabla mtu hajamuuliza, na yeye yuko kidato cha pili. Mpe jambo moja tu, labda kuandika kilo za baba kila asubuhi daftarini, maana maji yakizidi mwilini mizani husema mapema. Asikose shule kwa ajili ya kupika. Mwalimu wake wa darasa ajue hali ya nyumbani.

Na watu wakikuuliza wakusaidie nini, usijibu "dua tu." Wifi awachukue wadogo madrasa siku za mashine. Jirani apike cha jioni, siku anayoitaja mwenyewe.

Mimi nakuja mwisho wa mwezi. Nitakaa na watoto, wewe umsindikize shemeji bila kutazama saa. Niandikie siku zake zinaanza Jumatatu au Jumanne nikate tiketi. Na namba ya kiatu cha Swalehe, nasikia vya shule vimeshambana.

Wako,
Mama Zuhura