Mwalimu afunzwe ukutubi kabla ya kukabidhiwa funguo za maktaba

Kwa Mhariri,

Shule nyingi hapa Nairobi zikitaka mkutubi humtafuta mwalimu mwenye vipindi vichache, humkabidhi funguo na daftari, basi. Vyuo vikuu vyetu, kama Kenyatta na Moi, vinafundisha ukutubi, lakini mwalimu aliye kazini anahitaji kozi ya uzamili iliyoundwa kwa ajili ya shule. Miongozo ya mwaka 2015 ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, inataka mkutubi wa shule awe amesomea ualimu na pia ukutubi wa shule. Marekani nako, majimbo mengi hudai leseni ya ualimu pamoja na masomo ya ziada ya chuo kikuu. La muhimu ni kozi yenyewe ifundishe nini.

Ianze na daftari la usajili. Kila nakala ipewe nambari yake, iandikwe ndani ya kitabu na kwenye daftari. Hadithi moja ikisajiliwa kwa mstari mmoja, “nakala 40”, hakuna atakayejua ni ipi iliyopotea wala nani aliiazima. Kosa hilo likihamishiwa kwenye Koha, programu ya maktaba isiyolipiwa leseni, linabaki kosa lile lile, ila sasa lina kompyuta.

Kisha uainishaji. Kwa mpango wa Dewey, unaopanga vitabu kwa nambari za mada, fasihi ya Kiswahili yote huangukia chini ya 896.392, nambari isiyo na maana kwa mtoto wa gredi ya 5. Shuleni ni afadhali hadithi zitengwe kwa lugha, kisha zipangwe kwa herufi tatu za jina la mwandishi. Hapo ndipo majina yetu huwasumbua wasiofunzwa: Ngũgĩ wa Thiong’o huwekwa chini ya NGU, lakini huyu akibandika THI na yule WAT, vitabu vya mtu mmoja vinatawanyika rafu tatu.

Linalokwepwa zaidi ni kuondoa vitabu vilivyopitwa na wakati. Bado kuna atlasi rafuni zinazoonyesha Sudan ikiwa nchi moja, ilhali Sudan Kusini ilijitenga 2011, na vitabu vinavyofundisha mikoa minane badala ya kaunti 47. Walimu wakuu huviacha kwa kuwaogopa wakaguzi wa hesabu, na hofu hiyo ina msingi: kitabu cha shule ya umma ni mali ya umma, na sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya mwaka 2015 ina utaratibu wake. Mwanafunzi wa kozi hii aujue kwa vitendo: achambue rafu moja, aandike nambari ya kila kitabu na sababu ya kukiondoa, apeleke orodha kwa kamati husika, na baada ya idhini afute maandishi yake daftarini kwa mstari mmoja unaoyaacha yasomeke, si kwa kuchana ukurasa. Vitabu ambavyo shule hupewa kama msaada vipimwe vivyo hivyo kabla ya kusajiliwa. Kukataa katoni ya vitabu vibovu pia ni ujuzi.

Tofauti ya mkutubi wa shule na karani wa maktaba iko kwenye kufundisha. Mtaala wa umilisi umejaa kazi za utafiti, na mara nyingi darasa zima hutumwa maktaba na agizo la “mkatafute habari za mito ya Kenya”. Wanarudi na aya zilizonakiliwa. Mkutubi aliyefunzwa hukaa na mwalimu wa somo mapema, wakaligeuza agizo kuwa swali lisilo na jibu la kunakili, mathalani kwa nini Mto Nairobi hufurika sehemu fulani. Anatenga vitabu na makala, halafu anawafundisha watoto kuuliza nani ameandika, lini, na alijuaje.

Masomo ya darasani yawekwe likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na mazoezi yachukue muhula mzima katika shule ambayo si ya mwanafunzi mwenyewe, chini ya mkutubi mzoefu. Sehemu kubwa ya mtihani iwe rafu aliyoipanga na somo alilofundisha.

TSC, tume inayowaajiri walimu, nayo ipunguze vipindi vya mwalimu anayehitimu. Mwenye ratiba iliyojaa hufungua maktaba saa ya chakula cha mchana tu, wakati watoto wako kwenye foleni ya githeri.

Mkutubi wa shule,
Nairobi