Daivasheni nayo ni barabara, itengenezwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili la ukarabati wa barabara, na niseme mapema kabisa kwamba sipingi barabara kutengenezwa, maana kuna watu ukifungua mdomo tu wanakwambia mlikuwa mnalia mashimo, sasa mnatengenezewa mnalia tena. Hapana jamani. Barabara kuu ilikuwa imekwisha, ifumuliwe, iwekwe lami mpya, foleni tutavumilia. Ninacholalamikia mimi ni hii njia waliyopitishia magari, hii daivasheni, ambayo inaonekana kama haina mwenyewe.

Huu ni mtaa mdogo, ulijengwa kwa ajili ya magari ya wanaoishi humu na baiskeli na watoto wanaoenda shule. Siku wanafunga kule wakaja wakachomeka bango moja la mshale wakaondoka zao, basi, kuanzia hapo malori ya mchanga, mabasi, matreila, yote yanapita mlangoni kwetu. Malori mawili yakikutana pale kwenye kona, moja lazima lipande juu ya mfereji, na mfuniko wa mfereji ukishavunjika hakuna anayekuja kuuangalia, watu wa mtaa ndio wanachomeka tawi la mti ili wengine wasitumbukie.

Na kibaya zaidi hilo bango la mshale liko peke yake. Linakwambia kata kushoto, ukishakata hakuna la pili la kukwambia utokee wapi, kwa hiyo dereva mgeni ananyoosha tu mpaka mwisho wa mtaa anajikuta uso kwa uso na geti la mtu, hapo aanze kurudi rivasi na treila lake huku nyuma wameshajipanga wengine wanapiga honi. Yule mzee mwenye geti siku hizi anaweka kiti nje kabisa, akiona taa za lori anasimama anapunga mkono "sio huku, sio huku". Kazi ya mkandarasi anaifanya yeye, tena bure.

Watu wanadhani lori moja moja likipita mtaani halina neno. Wamarekani walishafanya jaribio kubwa kule Illinois kati ya 1958 na 1960, walijenga barabara za majaribio wakawa wanazungusha malori juu yake mpaka lami ife, na walichokuta ni kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito, unapanda takriban kwa kipeo cha nne. Yaani ekseli ikibeba uzito mara mbili inaumiza barabara kama mara 16. Wahandisi wote wanalijua hili, ni somo la darasani kabisa. Sasa mtu anayejua hivyo anachukuaje magari ya barabara kuu anayamwaga kwenye mtaa wenye lami nyembamba bila hata kuuongezea tabaka moja la kifusi na kushindilia? Wakimaliza kule watakata utepe na kupiga picha, halafu sisi ndio tutabaki na mashimo, tukiuliza tutaambiwa mtaa wenu haumo kwenye mradi.

Haumo vipi wakati mradi mzima unapita humu?

Vumbi silisemi sana, kila mtu anajua habari ya vumbi, boza la maji asubuhi na jioni lingetosha. Lakini wanaotembea kwa miguu wamesahaulika kabisa. Njia ya waenda kwa miguu imegeuzwa stoo ya kokoto, mwenye kiti cha magurudumu ashuke katikati ya malori, asiyeona ambaye ameshazoea kuhesabu hatua zake leo anakuta lundo la mawe ambalo jana halikuwepo.

Jambo lingine ni hili la kufunga barabara halafu ukipita huoni mtu anafanya kazi. Hapa niwe mkweli, mara nyingine kuna sababu. Zege linahitaji muda kukomaa, nguvu yake kwa kawaida inapimwa siku ya 28, na lami nayo hauwezi kumwaga mvua inanyesha. Sawa. Ila nani atajua kama hamsemi? Bandikeni karatasi pale, "zege linakomaa, tunarudi tarehe fulani", mtu akisoma hatukani. Mkikaa kimya tutaamini tunachokiona, na tunachokiona ni greda limepaki.

Sasa ombi langu kwa wahusika, na naamini gazeti lako wanalisoma. Njia ya daivasheni iingizwe kwenye mkataba kama kazi nyingine yoyote, itengenezwe kabla ya kufunga kule na sio baada ya sisi kupiga kelele, wapige picha hali ya mtaa ulivyo kabla ya lori la kwanza kuingia, na mkandarasi asilipwe kitita cha mwisho mpaka aurudishe ulivyokuwa. Malori mazito yatafutiwe njia nyingine hata kama ni ndefu. Na kwenye zile kona nyembamba wakae vijana wawili wa bendera, mmoja huku mmoja kule, wenye redio za kuongea, maana aliyepo sasa ni mmoja na mchana akienda kula kila dereva anajiamulia.

Halafu ile namba ya simu kwenye bango la mradi, ukipiga inaita mpaka inakata. Waweke namba ya mtu aliye zamu usiku, kwa sababu koni zinagongwa na kulala katikati ya barabara saa nane za usiku, sio saa nne asubuhi wakati ofisi zimefunguliwa.

Msomaji wako,
Mkazi wa njia ya daivasheni