Tunaanza lini? Barua kwa mwanangu aliye Kinshasa

Lubumbashi, Katuba, mwisho wa Oktoba

Papa,

Umebeba jina la baba yangu, na ukiudhika unaandika kama yeye: mistari mifupi, salamu hakuna. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Profesa amewagawa makundi ya mjadala, wewe ukaangukia kwa wahafidhina, na swali ni jinsi mhafidhina anavyoyaona mageuzi ya mahakama ya juu kabisa ya nchi. Unasema watu hao hawana la kusema ila "hapana". Unataka nikupe hoja mbili tatu upitishe siku, kwa sababu mama yako alifundisha historia na siasa ya raia mpaka chaki ikamharibu kifua.

Nakuandikia nikiwa kivulini. Mjakaranda wa jirani unamwaga maua mpaka ndani ya sufuria ya sombe, mvua bado, na umeme hatujauona tangu juzi. Dada yako ataipiga picha karatasi hii simu ikipata moto kwa jirani mwenye paneli.

Likelemba yetu ya soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, unaijua: wamama kumi na wawili, kila Jumamosi dola 10 kwa kila mmoja, na mmoja anaondoka na dola 120. Zamu tunaokota. Karatasi zinakunjwa, zinatiwa kwenye kopo la bati lililowahi kuwa la maziwa, kila mtu anaingiza mkono akiangalia pembeni. Mzunguko uliopita mama prezidenti wetu aliokota 10. Hakusema kitu siku hiyo. Jumamosi ya tatu akasimama na hoja nzuri kabisa. Akasema, wamama, tuna wazee hapa, wana presha, wana sukari, miguu imevimba. Mtu wa miaka sabini angoje wiki kumi, akifa je? Tupange upya, mwenye umri mkubwa apewe kwanza.

Nilinyoosha mkono kumuunga mkono, nakiri. Hoja ilinigusa. Muuza ndagala, ambaye hata shule ya msingi hakumaliza, ndiye aliyeuliza bila kuinua macho kwenye kikapu chake: "Mama, tunaanza lini? Mzunguko huu au ujao?"

Kimya. Ndipo tukakumbuka kwamba mama prezidenti ni wa pili kwa umri kati yetu.

Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alisimama na hoja ya wazee, ile ile. Mahakama Kuu ya nchi ile ilikuwa na majaji tisa, na ilikuwa imezipiga chini sheria zake kadhaa za kuiokoa nchi na mporomoko wa uchumi. Akapendekeza kwamba kwa kila jaji aliyepita miaka 70 na miezi sita bila kustaafu, rais aweze kuongeza mwingine, wasizidi sita. Alisema wazee wameelemewa na kazi. Majaji wangeweza kufika kumi na tano, na hao sita wapya angewateua yeye. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa sana katika Seneti, ila hata humo swali la muuza ndagala liliulizwa, kwa maneno mengine. Tarehe 22 Julai 1937 Seneti iliurudisha muswada kamatini kwa kura 70 dhidi ya 20, ukafia huko.

Basi hapo ndipo uanzie. Mhafidhina wa kweli akisikia "tuibadilishe mahakama" hakimbilii kusema hapana. Anauliza mabadiliko yanaanza lini, na nani atakayekula mzunguko huu. Anayeleta mageuzi akiwa tayari kungoja mzunguko ujao, ambao hajui ataokota namba gani, mhafidhina anaketi naye wazungumze. Anayetaka yaanze Jumamosi hii hii anajichukulia sufuria.

Profesa atataka mizizi, mpe Edmund Burke. Yule Mwairishi aliyekaa katika bunge la Uingereza aliandika mwaka 1790, Ufaransa ikiwaka moto wa mapinduzi. Watu hukumbuka kwamba alilia juu ya malkia wa Ufaransa, wakasahau kwamba alililia pia mahakama. Ufaransa ilikuwa na mahakama kuu za kale ziitwazo parlement. Zilikuwa na aibu kubwa: viti vya majaji vilinunuliwa, na baba alimrithisha mwana. Wanamapinduzi walizipeleka likizo Novemba 1789, mwaka uliofuata wakazifuta kabisa. Burke aliijua aibu ile. Lakini alisema, kwa ufupi, kwamba mtu aliyekishika kiti chake bila kumlamba mfalme miguu hatakuwa na sababu ya kulilamba bunge pia, na kwamba nchi inayojiingiza mikononi mwa bunge moja lenye nguvu zote ingehitaji majaji wa namna hiyo kuliko zamani. Yeye angezirekebisha, zisifutwe. Ndiye pia aliyesema kwamba dola isiyo na njia ya kubadilika haina njia ya kujihifadhi. Andika hilo kwenye kiganja, kwa sababu wenzako watakuja wakidhani mhafidhina ni jiwe.

Hapo kuna jambo gumu ambalo usilikwepe. Burke anatetea mahakama chafu kwa sababu haiogopi mtu. Wewe na mimi tumekulia katika nchi ambamo uchafu na woga vimelala kitanda kimoja. Watu wa pwani wana msemo, usiache mbachao kwa msala upitao. Sawa. Mbachao ukiwa na kunguni je? Mhafidhina atakuambia uutoe juani, uupige fimbo, usiuchome. Nimeishi miaka mingi, Papa, na kuna siku nimeutaka moto.

Nitakuambia siku gani. Katiba yetu ya 18 Februari 2006 ndiyo iliyoigawa Mahakama Kuu ya Haki ya zamani ikazaa tatu: Mahakama ya Katiba, Mahakama ya Kasasheni ya rufaa za mwisho, na Baraza la Dola la kesi dhidi ya utawala. Ile ya Katiba ilisubiri sheria yake mpaka Oktoba 2013, na majaji wake wakala kiapo Aprili 2015. Haikumaliza hata mwaka ikawekewa mzigo. Katanga yetu ilikuwa imekatwa vipande vinne, magavana hakuna, na mahakama Septemba 2015 ikaiambia serikali ichukue hatua za dharura. Tukaletewa makomiseri maalumu walioteuliwa badala ya magavana wa kuchaguliwa. Kisha tarehe 11 Mei 2016 ikatafsiri ibara ya 70: rais ambaye muda wake umekwisha anabaki mpaka mpya aliyechaguliwa akalie kiti. Rais Kabila akabaki, na uchaguzi ukaja 30 Desemba 2018. Siku ya ile hukumu ya Mei nilikuwa na bukari mkononi, redio imewashwa, nikasema mbele yenu wote kwamba wale majaji tisa wafukuzwe hata kesho, waletwe wengine. Baba yenu alinitazama tu akaendelea kula. Baadaye akaniuliza, waletwe na nani?

Sikumjibu. Aliyekuwa na kalamu ya kuwateua wengine alikuwa ni yule yule.

Kwa hiyo ukiulizwa mhafidhina wa Kongo anahifadhi nini, usiseme anawahifadhi majaji. Majaji wanapita. Sema anahifadhi kopo la bati. Soma ibara ya 158 taratibu, na umshangae aliyeiandika. Tisa: watatu rais kwa hiari yake, watatu mabunge yote mawili yakikutana pamoja kama Kongresi, watatu Baraza Kuu la Mahakimu. Miaka tisa, hairudiwi. Kila miaka mitatu theluthi moja inabadilishwa, na katika kila upyaisho mmoja wa kila kundi anatolewa kwa kuokota. Sheria ya nchi kubwa kama hii imeamua kuokota karatasi, kama sisi sokoni! Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka hapo. Niliwaambia, mkono unaoingia ndani ya kopo haujui jina la mtu.

Shida yetu ni kwamba tunaipenda zamu mpaka ikifika ya mtu tusiyempenda. Julai 2020 Rais Tshisekedi aliteua majaji watatu wapya. Wawili waliokuwa wamekalia viti, waliohamishiwa Kasasheni, wakasema muda wao haujaisha na wakakataa. Wapya waliapa Oktoba, na wakuu wa mabunge yote mawili hawakuhudhuria. Nilisikiliza pande zote redioni wiki nzima. Waliopiga kelele kuhusu kalenda ya majaji mwaka 2020, wengi wao walikuwa wameimeza kalenda ya rais mwaka 2016 bila maji. Na waliolilia kalenda mwaka 2016 walikuwa na hamu kubwa ya kuivunja mwaka 2020. Mhafidhina makini angewaudhi wote. Ndiyo sababu hana chama hapa kwetu.

Wenzako wa upande wa pili watakupiga mahali pawili, jiandae.

Watasema tisa si namba ya mbinguni. Ni kweli. Marekani ilianza na majaji sita mwaka 1789, wakapanda, wakafika kumi mwaka 1863. Mwaka 1866 bunge likaamua viti vipungue, na Rais Andrew Johnson akamaliza muda wake bila kuteua hata jaji mmoja. Mwaka 1869 wakarudi tisa. Usibishe. Jibu kwamba tangu hapo pande zote zimejizuia, na kujizuia kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini ni desturi ambayo kuivunja ni asubuhi moja. Argentina ilitoka watano hadi tisa mwaka 1990, Venezuela ishirini hadi thelathini na wawili mwaka 2004. Na usiwafiche kwamba Hungaria, chini ya Viktor Orbán anayejiita mhafidhina, ilipeleka mahakama yake ya katiba kutoka kumi na mmoja hadi kumi na tano, kisha ikashusha umri wa majaji kustaafu kutoka 70 hadi 62. Jina la itikadi halimzuii mtu kuingiza mkono kwenye kopo akiwa amefungua macho. Wahafidhina wa Marekani wenyewe, mwaka 2016, waliacha kiti cha marehemu jaji Scalia wazi kwa zaidi ya mwaka wakisema wananchi wapige kura kwanza. Septemba 2020 alipofariki jaji Ginsburg wakajaza kiti kabla ya kura, katika wiki chache. Sema wewe kabla hawajasema wao.

Pigo la pili ndilo zito, na sitakudanganya kwamba ninalo jibu. Watasema: anayeshauri kungoja mzunguko ujao ni mtu aliyekwisha kula. Mwaka 1937 kulikuwa na Elsie Parrish, mwanamke wa kusafisha vyumba vya hoteli katika jimbo la Washington, aliyedai mshahara wa chini uliowekwa kwa sheria, dola 14.50 kwa wiki ya saa 48. Miaka mingi mahakama ilikuwa ikisema sheria za namna hiyo zinaingilia uhuru wa mapatano. Tarehe 29 Machi 1937, mpango wa Roosevelt ukiwa mezani, mahakama ilimpa haki yake. Wapo wanaosema ni woga. Lakini majaji walikuwa wamekwisha kupiga kura yao faraghani Desemba, kabla rais hajautangaza mpango. Tumia hilo: mahakama iligeuka bila kuongezwa kiti hata kimoja. Halafu ukae kimya kidogo, maana wapo akina Elsie waliokwisha kuzeeka wakingoja.

Kuhusu pendekezo la Rais Biden la Julai 2024, majaji wakae miaka kumi na minane badala ya maisha yao yote, wahafidhina wengi walilifungia mlango usoni. Mimi ningelitenganisha. Muda wenye kikomo si dhambi kwa mhafidhina. Wa kwetu ni miaka tisa na sijamsikia anayeuita mapinduzi. Uliza tu: linaanza na majaji wajao, au na waliopo? Linapita kwa kubadili katiba, theluthi mbili za mabunge yote mawili na majimbo 38 kati ya 50, au kwa sheria ya kawaida ya walio wengi leo? Ukipewa jibu la kwanza kwa yote mawili, keti mezani. Na hapa nyumbani, tangu Rais aseme Kisangani Oktoba 2024 kwamba ataunda tume ya kuitafakari katiba mpya, nenda kasome ibara ya 220, ile inayotaja mambo yasiyoruhusiwa kubadilishwa. Wengi wanaijua kwa ajili ya mihula ya rais. Uhuru wa mahakama umo humo humo, mstari huo huo.

Mzunguko mpya tumeuanza Jumamosi. Kabla ya kuokota, muuza ndagala akamwambia mama prezidenti, haya, sasa ndiyo nafasi, lete ile sheria yako ya wazee tuipigie kura. Mama prezidenti akasema tuokote kwanza tuone. Tukakataa, akakunja mdomo, akasema basi iachwe. Akaingiza mkono akatoa 2, akacheka mpaka kitenge kikalegea.

Mimi nimepata 11. Kwa hiyo minervali yako, ile ada ya chuo, haitafika kabla ya mwanzo wa Januari. Nenda mapema kwa mhasibu wa kitivo, umwombe kwa heshima akugawie malipo mara mbili, na uchukue risiti.

Mama yako