Mhariri, yule mzee pichani hakuwa mchawi

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu lilipokuwa likitoka kwa rangi nyeusi na nyeupe tupu, na miaka yote hiyo nimevumilia mengi: vichwa vya habari visivyofanana na habari yenyewe, utabiri wa nyota unaojirudia, na ule ukurasa wa sayansi unaojitokeza pale tu matangazo yanapopungua. Sikuwahi kuandika. Ila makala ya Jumapili iliyopita kuhusu wanaalkemia, wale watu wa kale waliojaribu kuyageuza madini kuwa dhahabu, imenifikisha kikomo. Mwandishi wako alipewa nusu ukurasa, akautumia kutuambia kwamba "wachawi wa Ulaya" walijifungia karne nzima wakichemsha risasi iwe dhahabu, mpaka sayansi ilipokuja kuwatimua. Basi, hadithi imekwisha.

Nianze na picha. Mzee mwenye ndevu amepiga goti, chupa mbele yake inatoa mwanga mweupe, na nyuma yake kuna vijana wanaochungulia gizani. Chini mmeandika: "Mchawi akisubiri dhahabu yake." Mchoro huo ni wa Joseph Wright wa Derby, Uingereza, wa mwaka 1771, na jina lake lenyewe linasema kwamba mzee huyo anagundua fosforasi. Hakuna dhahabu humo hata chembe. Dunia iliipata fosforasi mwaka 1669 mjini Hamburg, kwa mkono wa mwanaalkemia Hennig Brand, aliyekuwa akichemsha mkojo. Ndiyo, alikuwa akitafuta jiwe la kugeuzia madini. Lakini alichokipata ndicho kilichomo kwenye ule ubavu mwekundu wa kiberiti unaokwaruzia njiti, mwandishi wako akitaka kuwasha sigara.

Halafu hiyo Ulaya. Nani amewaambia kwamba mambo haya yalianzia huko? Mwanaalkemia Zosimos alikuwa mtu wa Panopolis, Misri, akiandika kwenye mwaka 300 hivi, na yeye mwenyewe anamtaja mwanamke aliyemtangulia, Maria Myahudi, kuwa bingwa wa vyombo vya kukenekea. Uchina, baruti ilitoka mikononi mwa Watao, wafuasi wa dini ya Tao, waliokuwa wakitafuta dawa ya kuishi milele. Andiko lao moja la karne ya 9 linaonya kuwa wapo waliopasha moto salfa, shura na asali, wakaungua nyuso na mikono, nyumba nayo ikateketea. India walikuwa na elimu nzima ya zebaki. Hao wote mwandishi wako hakuwaona.

Na kabla hujaniambia kuwa makala za Jumapili hazimdhuru mtu, sikiliza. Muhula uliopita mjukuu wangu aliulizwa kwenye mtihani: "Taja mchango mmoja wa wanaalkemia katika kemia." Akaandika kwamba al-Razi, aliyezaliwa Rayy karibu na Tehran ya leo, aliyagawa maumbile katika vitu vya wanyama, vya mimea na vya ardhini, tena akaeleza kimoja kimoja vyombo vya maabara yake. Akapigwa kosa. Pembeni kwa wino mwekundu: "Huyu alikuwa tabibu. Soma swali." Nikafunga safari hadi shuleni. Mwalimu, kijana mpole asiye na ubaya wowote, akanifungulia mwongozo wa kusahihishia, na jibu lililokubaliwa lilikuwa: "Hawakuwa na mchango, walitafuta dhahabu." Swali linadai mchango, mwongozo unasema hakuna! Nikamwuliza mwongozo huo umetoka wapi. Akanielekeza ubaoni. Palikuwa pamebandikwa kipande cha gazeti kilichogeuka rangi, pembe zake zimejikunja: makala ya gazeti lako hili hili, ya miaka ya nyuma, na picha ile ile ya mzee aliyepiga goti. Maelezo ya picha pia ni yale yale.

Kinachonichoma zaidi ni mizani mnayopimia. Isaac Newton aliandika kwa mkono wake maneno yapatayo milioni moja juu ya alkemia, na alikuwa na tanuri zake pale Cambridge. Karatasi zake zilipofikishwa kwenye chuo kikuu hicho katika karne ya 19, walibaki na za hisabati, za alkemia wakazirudisha kwa familia; mwaka 1936 zikapigwa mnada London, na sehemu kubwa ikaokolewa na mwanauchumi Keynes. Robert Boyle, ambaye kila kitabu cha shule kinamwita baba wa kemia, aliamini kwamba madini hugeuka, akapigania hadi mwaka 1689 ikafutwa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1404 iliyokataza watu kuzidisha dhahabu na fedha. Hao mnawaita wanasayansi. Mwenzao wa Rayy au wa Panopolis akifanya kazi ile ile, kwa moto ule ule, anakuwa mchawi, au hatajwi kabisa. Wala msidhani waliamini kijinga. Miaka yote niliyofundisha kemia nilikuwa nikitumbukiza msumari wa chuma kwenye maji ya mrututu mbele ya darasa. Hazipiti dakika nyingi unatoka na ngozi nyekundu ya shaba, na hakosekani mtoto wa kuapa kwamba chuma kimegeuka. Wachina wa enzi ya Song walivuna shaba nyingi kwa njia hiyo. Sasa mtu aliyeliona hilo kwa macho yake, asiyejua protoni wala jedwali la elementi, akafikiri kwamba madini yote ni zebaki na salfa kwa vipimo tofauti, ujinga wake uko wapi? Tena waliolipinga wazo hilo hawakungoja Ulaya iwaamshe. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa karne ya 11, alishasema kwamba wanaalkemia huiga rangi ya dhahabu tu, lakini aina ya madini hawaibadili.

Matapeli walikuwepo, sibishi. Mwanaalkemia Georg Honauer alinyongwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1597 kwa kumlaghai mtawala, na wafalme kadhaa wa Uchina wa ukoo wa Tang wanasemekana kufa kwa dawa za uhai zilizojaa zebaki. Lakini hata aliyeahidi uongo aliweza kuzaa kitu. Mwanaalkemia Mjerumani Böttger alijigamba kwamba anatengeneza dhahabu, Augustus, mtawala wa Saxony, akamweka kizuizini, na humo kizuizini, akifanya kazi na mwanasayansi Tschirnhaus, wakaipata mwaka 1708 siri ya kauri nyeupe ngumu. Kiwanda cha Meissen kilifunguliwa mwaka 1710 na kinafanya kazi hadi leo.

Na tukiwa kwenye utapeli, geuza ukurasa wa makala hiyo hiyo. Kuna tangazo la robo ukurasa la semina ya "alkemia ya mafanikio", la bwana mmoja mwenye tai ing'aayo anayeahidi kuugeuza umaskini wako kuwa utajiri kwa siku mbili. Huyo hana tanuri, hana chupa, hajawahi kuunguza hata ukucha. Angeishi Stuttgart ya 1597 angeangalia sana shingo yake. Kwenu hakuna aliyemwita mchawi wala tapeli, nadhani kwa sababu amelipia nafasi.

Nina pendekezo. Maelezo ya picha yasahihishwe ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, na nakala ipelekwe kwa yule mwalimu aibandike juu ya ile ya zamani. Mwandishi naye apewe ndoo. Akusanye mkojo, auache uvunde, auchemshe hadi uwe uji mzito, kisha auchome kwa moto mkali kama alivyofanya Brand. Wa ofisi nzima usipotosha, aombe kwa wasomaji, mimi nitachangia. Akipata fosforasi ruksa awacheke wanaalkemia apendavyo. Ila mdomo wa chombo chake auelekeze ndani ya maji, maana fosforasi nyeupe hujiwasha yenyewe ikikutana na hewa, na sitaki kusoma Jumapili ijayo kwamba chumba chenu cha habari kimeungua.

Mwalimu mstaafu wa kemia