Mke wangu alitibiwa, mimi nashona vitambaa kwa siri

Anti habari za kazi, na wasomaji wenzangu wote salaam. Naomba msinicheke, hili jambo sijawahi kumwambia mtu, hata hapa nimefuta mara tatu ndo nikaandika tena.

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, fundi cherehani hapa Tanga, nina mke na watoto watatu. Miaka miwili nyuma nilifanyiwa operesheni ya nasuri, kile kitundu kinachotoa usaha pembeni ya njia ya haja kubwa, kidonda kikapona vizuri tu lakini tangu hapo haja kubwa haizuiliki, yani hewa inatoka bila taarifa na choo kikiwa laini kinavuja kabla hata sijanyanyuka kwenye kiti. Na kazi yangu ndo ya kukaa kutwa nzima, fikiria mwenyewe. Navaa suruali nyeusi tu, msikitini nakaa safu ya mwisho karibu na mlango, wateja wa kupimwa nawaachia vijana ili mtu asinisogelee. Jioni vijana wakishaondoka nabaki nashona vitambaa vya kujikinga, kanga kuukuu juu, pamba katikati, nailoni chini. Wallahi navishona vizuri kuliko nguo za watu.

Kinachoniuma, mke wangu alipata tatizo hilihili alipojifungua mtoto wa pili, alichanika mpaka nyuma. Haikupita wiki tatu ashamwambia mama yake, mama akamwambia shangazi, shangazi akamburuza kliniki, nesi wala hakushtuka, akapewa rufaa akarekebishwa na akafundishwa mazoezi ya kubana na kuachia. Sahivi mzima kabisa. Mimi ndo nilikua nambebea mtoto kwenye foleni, ukutani pale kuna bango la fistula, picha ya mama, namba ya simu na maneno kwamba matibabu ni bure, baba hayupo hata mmoja. Sisemi wanawake wana raha, dada yangu mwenyewe kakaa miaka anaambiwa ndo uzazi huo vumilia. Ila mwanamke akivuja watu wanasema kajifungua, mwanaume akivuja mtaa mzima unawaza kitu kimoja tu na mnakijua. Hicho ndo kimenifunga mdomo.

Mwezi wa tatu nilijikaza nikaenda hospitali, kufika dirishani binti sawa na mwanangu ananiuliza kwa sauti "baba unasumbuliwa na nini?", kugeuka nyuma yangu kasimama mteja wangu. Nikasema mgongo. Nikarudi nyumbani na dawa ya kuchua! Toka hapo nanunua vidonge vya kuzuia kuhara duka la dawa, nikimeza nafunga choo siku nne alafu kikija kufunguka ni balaa kuliko mwanzo.

Sasa limezuka jingine. Usiku nalala chumba cha watoto nasingizia joto, na wiki iliyopita mke wangu kapita ofisini kakuta vile vitambaa kwenye mfuko chini ya meza. "Baba Zuhura, hivi ni vya nani?" Nikanyamaza. Anadhani kuna mwanamke anakuja pale, na mimi nimemwacha aamini hivyo, yani nimeona bora anione malaya kuliko ajue ukweli. Jana kampigia mama yangu simu.

Anti nianzie wapi? Dirishani nikisema nataka kumwona daktari wa upasuaji bila kueleza zaidi inakubalika? Naweza kuomba daktari awe mwanaume? Yale mazoezi aliyofundishwa mke wangu na mwanaume anafanya vilevile? Na misuli ikishakatwa huko inaungwa tena baada ya miaka miwili au ndo basi? Kama kuna mwanaume humu kapitia hii aniambie alimwanzaje mkewe, maneno yenyewe kabisa, maana mama anashuka na basi la Ijumaa kutoka Lushoto na nataka niwe nishasema kabla hajafika.

Fundi, Tanga