Bili ya ulimi iliyoandikwa meno

Mhariri,

Huu ni mwezi wa tatu nafuatilia fedha za bima kwa sababu ya neno moja kwenye bili.

Mamangu alitokwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto. Wiki tatu alisukutua maji ya chumvi akilisingizia jino lililovunjika, mpaka nikampandisha boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Malindi, katika hospitali ya kibinafsi ambayo siitaji. Daktari simlaumu. Alimuuliza kama anatafuna tambuu (anatafuna tangu ujana, na popoo yake), akampiga sindano ya ganzi, akakata kinyama kadiri ya punje ya mchele na kukitia katika kichupa cha formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kipelekwe maabara Mombasa kupimwa kama kina saratani. Kazi haikuzidi dakika kumi.

Kichupa chenyewe kilinishtua. Kibandiko kilikuwa na jina moja tu, jina ambalo ukiliita mtaani kwetu Langoni watageuka wanawake kumi. Nilipouliza, muuguzi akaongeza jina la baba na upande wa kidonda kwa kalamu, palepale, bila kinyongo. Je, nisingeuliza? Majibu yalirudi salama, alhamdulillahi, lakini ningependa kuwa na hakika kwamba ni ya mamangu hata bila ya ujuvi wangu.

Bili nayo ilisema: "Meno, upasuaji mdogo." Jumla moja, na muhuri. Bima ya kazini kwangu hailipii meno, wakanirudishia madai yangu. Nikashika njia tena, boti na basi, siku nzima imekwenda. Karani akanitazama kwa huruma: "Mfumo hauna ulimi, ndugu yangu. Chochote cha mdomoni tunaweka meno."

Mpwa wangu anaandika bili za hospitali huko Marekani. Alicheka nilipomsimulia. Kwao kinyama kikikatwa theluthi mbili za mbele za ulimi kina namba yake, 41100. Kikitoka theluthi ya nyuma ni 41105. Chini ya ulimi, kwenye sakafu ya mdomo, ni 41108. Sisemi tuige namba zao, na bili zao ndiyo kabisa, Mungu atuepushe. Lakini kwa Kiswahili kitupu yangeandikwa: ulimi, ubavu wa kushoto, kinyama kimoja, kidonda kisichopona wiki tatu. Na ada ya kukata itengwe na ada ya maabara, kwani ni kazi mbili za watu wawili. Mimi mpaka leo sijui nililipa kiasi gani kwa ipi.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa vipimo anavyoweza kufanyiwa, hatari zake na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Mamangu alielezwa vizuri habari ya sindano. Habari ya gharama aliisikia kaunta, akiwa na pamba mdomoni na hawezi kuuliza.

Nimeomba kwa maandishi nakala ya maelezo ya daktari na bili iliyosahihishwa. Nimejibiwa kwamba mwenye neno la siri la mfumo yuko likizo.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu